Aibu ya Bidhaa na Siri ya Bei

Ndugu msomaji, dini yetu haikumwekea mtu adabu za msikitini tu, kisha ikamwacha sokoni afanye apendavyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii Sala wala Hija. Inazungumzia deni, mwandishi wa deni na mashahidi wake. Na Sura nzima, ya 83, imepewa jina la watu wapunjao vipimo. Basi mtu akitaka kujua kiasi cha ucha Mungu wake, asijitazame katika safu ya Sala peke yake. Ajitazame pia siku auzapo kitu ambacho yeye anakijua aibu yake na mwenziwe hakijui. Na ajitazame, tena kwa makini zaidi, siku anunuapo kitu ambacho yeye anakijua thamani yake na mwenye kukiuza haijui.

Jambo hili tunataka kulitazama leo kwa mfano wa kitu kidogo ambacho huenda kimo katika sanduku la marehemu babu yako, nawe hujakifikiria: sahani za santuri.

SAHANI HIZI ZILITOKA WAPI?

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay, India, kurekodi nyimbo zake, na sahani zake zikaenea pwani nzima. Sahani za zama zile zilikuwa nzito na nyeusi, za mizunguko 78 kwa dakika, zilizofanyizwa kwa utomvu wa wadudu wa miti wa huko India. Zikianguka huvunjika kama sahani za udongo. Plastiki nyepesi ilikuja baadaye: sahani kubwa mwaka 1948, na ndogo za mizunguko 45 mwaka 1949, zote kutoka Marekani. Mombasa, duka la Assanand na Wanawe lilitoa taarabu nyingi kwa alama yake ya Mzuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa sahani. Nyimbo za bendi zetu zilipelekwa Nairobi, na huko ndiko zilikochapwa na kurudishwa. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo ikaingia taabuni, na ulipofunguliwa tena mwaka 1983 kaseti zilikuwa zimekwisha kushika soko.

Ndiyo maana sahani nyingi za muziki wetu zilichapwa kwa idadi ndogo na hazikuchapwa tena. Na katika miaka ya karibuni watu wa mbali wamezitafuta. Huko Ufaransa kampuni ya Buda Musique ilianza mwaka 2005 kutoa mfululizo uitwao Zanzibara, wenye nyimbo za Unguja, Mombasa na Bara za miaka iliyopita. Wako watu Ulaya, Marekani na Japani ambao sahani moja ya Kiswahili, ikiwa nzima, huilipia fedha ambazo mwenye nyumba wa kwetu angedhani anafanyiwa mzaha.

Sahani hizo hazikubaki pwani. Zilipanda treni ya Reli ya Kati, zikashuka Manyoni na Itigi, na kutoka huko zikabebwa na malori mpaka mji wa Singida, mji ulio baina ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Walizinunua walimu, makarani, madereva na wafanya biashara, na baadhi yao walikuwa watoto wa pwani waliokwenda huko kutafuta riziki wakaoa na kuzika huko huko. Wengi wenu mnaosoma makala haya mna shangazi au ami aliyebaki Bara. Kwa hiyo mfano wetu hauko mbali nanyi.

MFANO WENYEWE

Tuseme yuko mama mmoja, mjane, mjini Singida. Si mtu tunayemtaja; ni mfano tu, lakini walio kama yeye ni wengi. Mumewe, mtu wa Tanga, amefariki na kuacha nyumba, deni dukani, watoto watatu, na sanduku la sahani mia mbili. Kinanda chenyewe kimekwisha haribika siku nyingi. Habari imemfikia kwamba yuko kijana kutoka Dar es Salaam anayepita miji ya Bara akinunua vitu hivi. Mama anataka kuziuza. Je, afanye nini kabla ya kufungua mlango? Na kijana naye, atakapoingia, afanye nini?

Kabla ya kwenda mbele, kuna swali ambalo msomaji atakuwa nalo: kuuza nyimbo kunafaa? Wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani juu ya kusikiliza ala za muziki. Wako waliokataza kabisa, na wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wamekuwa wakali katika hilo. Wako kama Ibn Hazm wa Andalusia aliyeruhusu. Na Imamu Ghazali alipambanua baina ya wimbo na wimbo na baina ya msikilizaji na msikilizaji. Mwenye kuona ni haramu, afuate analoliona wala asiuze. Lakini mwenye kuuza, uuzaji wake una sheria, na sheria hiyo haina hitilafu: asidanganye. Haya ndiyo maneno yetu ya leo.

KWANZA: NI ZA NANI?

Kazi ya mwanzo ya mwenye kutayarisha sahani kwa kuuza si kuzifuta vumbi, bali ni kujua ni mali ya nani. Mali ya maiti hulipa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha hugawanywa kwa warithi. Mjane mwenye watoto wa marehemu ana thumuni, na watoto wana haki yao. Sahani nazo ni mali kama nyumba ilivyo mali. Mama huyu hawezi kuziuza kwa siri na kusema ni takataka za mzee, wala mtoto mkubwa hawezi kuchukua zilizo nzuri akawaachia nduguze zilizovunjika.

Tena kuna jambo jingine linalosahauliwa. Zama zile watu waliazimana sahani kwa ajili ya harusi na sikukuu, na kila mwenye yake aliandika jina lake kwa wino kwenye karatasi ya duara iliyo katikati. Basi ukitoa sahani sandukuni ukakuta jina lisilo la marehemu, simama. Huenda aliinunua kwa mwenye jina hilo. Huenda aliiazima asiirudishe. Uliza. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa kuzirudisha amana kwa wenyewe, na kifo cha aliyeazima hakiigeuzi amana kuwa urithi. Ikiwa mwenye jina yuko hai au watoto wake wako mtaa wa pili, wapelekee habari kabla ya mnunuzi kufika.

Na katika sanduku kama hilo aghalabu hukutwa pia sahani za Qur'ani. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Qur'ani nzima mwaka 1961, na sauti za wasomaji wa Misri zilifika mpaka majumbani kwetu. Hizo zitengwe, zisipangwe chini ya nyingine, na zisiuzwe ila kwa mtu ajuaye heshima yake.

PILI: KUSAFISHA NA KUGHUSHI

Singida ni nchi kavu na ya upepo. Mvua ina msimu mmoja tu kwa mwaka, na vumbi huingia mpaka ndani ya makabati yaliyofungwa. Sahani ya plastiki ikisuguliwa katika hewa kavu huvuta vumbi kama sumaku ivutavyo misumari. Na zikiachwa chini ya bati wakati wa jua kali hujikunja zikawa kama chapati iliyoungua upande mmoja.

Basi safisha. Tumia maji safi yasiyo na chumvi, yaliyotiwa tone la sabuni laini, na kitambaa cha pamba. Futa kwa kuzunguka, kwa kufuata mifereji ya sahani, wala usikate mifereji kwa kufuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Usiilowanishe karatasi ya katikati. Sahani zile nzito za zamani usizitie spiriti hata kidogo, kwani spiriti huuyeyusha utomvu wake na sauti ikapotea milele. Zikikauka, zisimamishe wima kama vitabu katika rafu, usizirundike moja juu ya moja.

Hayo yote ni halali, tena ni vizuri, kwa kuwa kuondoa uchafu ni kuonesha kitu kama kilivyo. Lakini wako wanaokwenda mbele zaidi. Hupaka sahani mafuta ikang'ara, na mikwaruzo midogo isionekane kwa macho. Hutoa sahani iliyochoka katika jalada lililochakaa wakaitia katika jalada jipya la sahani nyingine. Huandika "nzima" juu ya sahani ambayo hawajapata kuisikiliza. Hapa ndipo mpaka ulipo, ndugu msomaji. Kazi ya mkono ni ile ile, kitambaa ni kile kile. Lililotofautiana ni makusudio. Mwenye kusafisha anamsaidia mnunuzi aone. Mwenye kupaka mafuta anamzuia asione.

Waarabu wa zamani walikuwa na hila yao mfano wa hii. Mtu akitaka kuuza ngamia au kondoo humwacha siku kadha bila kumkama, ili mnunuzi akiona kiwele kimejaa adhani mnyama huyu ni wa maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) akakataza hila hiyo, na akampa mnunuzi hiari ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyoyakama. Maziwa yale yalikuwa ya kweli, na kiwele ni cha mnyama mwenyewe. Lakini kuonesha jambo la kweli kwa namna ya kumpoteza mtu ni uongo, hata kama ulimi haukutamka neno.

Na habari ya rundo la nafaka tumeisikia sote: Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta umaji. Mwenye mali akajitetea kwamba mvua ndiyo iliyolowesha. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuzificha zilizolowa chini, na akaambiwa kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Sahani nayo ina juu yake na chini yake. Upande wa kwanza unaweza kuwa safi na wa pili umekwaruzwa. Na nyingi katika sahani ndogo za kwetu zina wimbo mmoja uliokatwa nusu, mwanzo upande huu na mwisho upande ule. Anayeuza upande mzuri akanyamazia mbaya ameuza nusu ya wimbo kwa bei ya wimbo mzima.

Dawa yake si ngumu. Mama huyu aazime kinanda kama kipo, asikilize kila upande, na kama hakipo, aseme wazi: "Sikuzisikiliza." Kisha aandike katika daftari, moja moja: hii ina mkwaruzo mrefu upande wa pili, hii imejikunja kidogo, hii jalada si lake. Asiogope. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha baraka hufutwa. Inasimuliwa kwamba Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra, alikuwa akifanya biashara ya hariri mjini Kufa. Mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumwambia mnunuzi, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Abu Hanifa akatoa sadaka thamani yote ya nguo zile. Hakuona fedha iliyochanganyika na kasoro moja iliyofichwa kuwa inafaa kuingia nyumbani kwake.

TATU: ANAYENUNUA NAYE

Mpaka hapa tumesema na mwenye kuuza, na mahubiri mengi husimama hapa. Lakini katika mfano wetu mwenye elimu si mama, ni kijana. Aibu ya bidhaa anaijua muuzaji, siri ya bei anaijua mnunuzi. Je, wa kwanza alazimishwe kufungua lake na wa pili aachwe afunge lake?

Wakulima wa vitunguu wa Singida wanaijua vizuri hila ya mnunuzi. Wanaiita lumbesa. Mnunuzi huja na gunia, hulishona kilemba juu yake, akalijaza mpaka lizidi kipimo, kisha akalipa bei ya gunia moja. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi. Mwizi hapo ni anayenunua, wala si anayeuza. Na ukiisoma Suratul Mutaffifin utaona kwamba Mwenyezi Mungu ameanza na hawa hawa: wale ambao wakipimiwa na watu wanataka watimiziwe, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Kosa lao ni kuwa na mizani mbili.

Tazama pia katazo la kuwalaki wasafiri. Watu wa mjini walikuwa wakitoka kwenda kuzikuta njiani ngamia za bidhaa kabla hazijafika sokoni, wakazinunua kwa bei ndogo, kwa sababu mwenye bidhaa hajajua bei ya soko. Mtume (s.a.w.) akalikataza jambo hilo, na akasema mwenye mali akifika sokoni ana hiari ya kuivunja biashara. Sasa nani anamlaki nani? Soko la sahani hizi liko Paris, London na Tokyo. Mama wa Singida hajafika sokoni wala hatafika. Kijana amemkuta njiani, amekaa kwenye mkeka barazani pake.

Mtu atasema: "Lakini kijana ametaabika. Amelipa nauli, amelala nyumba za wageni, amejifunza miaka mingi hata akazijua sahani. Elimu yake ndiyo mtaji wake. Akimwambia kila mtu bei ya Ulaya, atakula nini?" Maneno haya yana haki ndani yake, wala hatuwezi kuyapuuza. Nauli ni ya kweli. Hatari ni ya kweli: katika sahani mia mbili huenda kumi tu ndizo zitakazouzika kwa bei kubwa. Wala Sheria haikuweka kikomo cha faida. Tena wanazuoni wetu wa Kishafi wanasema mtu akiuza kwa hasara kwa kutojua bei, wala hakudanganywa, biashara imepita na hana hiari ya kuivunja.

Lakini sikiliza mazungumzo yenyewe yanavyokwenda barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Vitu ndivyo hivyo. Nawe ndiwe unayevijua, mimi sivijui. Nipe utakachoona ni haki."

Neno hilo la mwisho limegeuza kila kitu. Mama hakutaja bei. Amemfanya kijana kuwa mwamuzi baina yake na yeye mwenyewe. Mtu wa namna hii, anayejisalimisha kwa uaminifu wa mwenziwe, wanazuoni wa Kihanbali wamempa hiari ya kurudi akikuta amepunjwa sana. Na hata ambapo hukumu ya kadhi haimfikii kijana, amana imekwisha mfikia. Akizitazama sahani, akaona miongoni mwake moja aitafutayo miaka mitano, akatuliza uso wake na kusema, "Mama, hizi zote zimechoka, nitakupa bei ya kuku wawili kwa sanduku zima," basi huyo amepaka mafuta juu ya bei kama mwenziwe alivyopaka juu ya sahani. Na ametenda hivyo kwa mjane, na katika mali ya mayatima.

Wale waliotutangulia walifanyaje? Jarir bin Abdillah (r.a.) alimtuma mtu amnunulie farasi, akaletewa farasi aliyekubaliwa kwa dirhamu 300. Jarir akamtazama farasi, kisha akamwambia mwenyewe: farasi wako ni bora kuliko bei hii. Akaipandisha bei mwenyewe, mia baada ya mia, mpaka akalipa 800. Alipoulizwa, alitoa sababu kwamba alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu. Na Abu Hanifa yule yule alijiwa na mwanamke aliyetaka kuuza nguo ya hariri kwa mia moja. Akamwambia ina thamani zaidi. Mwanamke akaongeza, akaongeza, mpaka mia nne, naye anasema bado. Mwanamke akadhani anachezewa. Akatakiwa alete mtu wa kuitia bei, na nguo ikanunuliwa kwa mia tano.

Ndugu msomaji, tazama: mtu aliyetoa sadaka fedha zake kwa kasoro isiyotajwa ndiye aliyekataa nguo ya rahisi kwa bei isiyojulikana. Kwake yeye milango hiyo miwili ilikuwa mlango mmoja. Aliyejua zaidi ndiye aliyebeba zaidi, akiwa muuzaji au akiwa mnunuzi.

Hatusemi kwamba kijana wetu anafaradhishiwa kulipa bei ya Tokyo barazani Singida. Aseme: "Mama, hizi mia na tisini hazina bei kubwa. Hizi kumi zinatafutwa. Nje zinauzwa kwa kiasi hiki, zikiwa nzima. Mimi nina nauli na hatari yangu, nitakupa kiasi hiki." Kisha mama aamue, baada ya kushauriana na wanawe. Huenda kijana akapata faida ndogo kuliko aliyoitazamia. Lakini siku mama atakapoonyeshwa na mjukuu wake, kwenye simu, bei ya sahani ile, hatainua mikono yake kumshitaki kijana kwa Mwenyezi Mungu. Na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mola wake.

Na mama naye asivuke mpaka kwa upande wake. Bei aliyoiona mjukuu kwenye simu ni ya sahani nzima, iliyosikilizwa, yenye jalada lake. Yake ina mkwaruzo upande wa pili. Kudai bei ya ile kwa hii ni lumbesa ya muuzaji.

MWISHO

Katika kila nyumba ya pwani kuna kitu cha kale kinachongoja siku ya kuuzwa: sahani, saa ya ukutani, kasha la Kizungu, mkufu wa bibi. Siku hiyo ikifika, kabla ya kumwita mnunuzi jiulize maswali matatu. Ni cha nani? Nimekisafisha au nimekighushi? Na kama ningekuwa mimi ndiye nisiyejua, ningependa mwenzangu aniambie nini? Swali la tatu ndilo zito, na halina tofauti kwa anayeuza na anayenunua.

Sahani ya santuri ina tabia moja: kila mkwaruzo ulioifikia hubaki ndani yake, na siku sindano inapopita juu yake, hulia. Nafsi zetu nazo zimeandikwa hivyo. Tuziweke safi kabla ya siku ya kusomwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutimiza vipimo wauzapo na wanunuapo. Amin.